Kamera Isiyolia: Mpiga Picha wa Kaplong na Kiinua Mgongo cha Mama Yake

Saa saba na dakika kumi mchana, katika boma moja nje kidogo ya Kaplong, Bomet, wajukuu kumi na sita wamesimama nyuma ya jeneza la babu yao na hakuna anayeondoka.

Mbele yao amechuchumaa Phanice Nyanchoka, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, kamera ikiwa jichoni. Amebonyeza mara tisa. Picha tisa zimeingia, tena safi, kila uso unaonekana. Anainua mkono kidogo kuashiria kwamba amemaliza. Wajukuu wanamtazama tu.

Kando ya hema, mwongoza programu, Kipkoech, ameshika kipaza sauti. Naye anangoja. Kazi yake ni kuliita kundi linalofuata, lakini haiti mtu kwa sababu hajasikia kitu. Upande wa Kisii wingu limeanza kujikunja.

"Mama wa picha," msichana mmoja wa safu ya mbele ananong'ona mwishowe, "hiyo kamera imekufa ama? Haijalia."

Msomaji wa mbali huenda akashangaa. Katika mazishi ya huku, kupiga picha na jeneza ni sehemu ya programu, imechapishwa kabisa kati ya wasifu wa marehemu na mahubiri. Makundi huitwa moja moja: watoto, wajukuu, wakwe, majirani, walimu waliofundisha na marehemu, akina mama wa kanisa. Mpiga picha hapazi sauti, maana pale si harusini. Kamera ndiyo inayosema kwa niaba yake. Ikilia "kwacha", watu wanashusha mabega na kuondoka, na mwongoza programu anaita wengine.

Kwa miaka kumi na mmoja ya kazi yake, Phanice hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyoifikiria bawaba ya mlango wake mpaka siku itakapoota kutu. Siku hiyo ya Alhamisi alikuwa na kamera ya kukodi, na kamera hiyo ilikuwa bubu.

Makundi yalikuwa kumi na moja. Kila kundi lilisimama mara mbili ya muda wake, na mengine mawili yalirudishwa kutoka vitini ili yapigwe "picha ya kweli". Mvua ya Bomet haihitaji kadi ya mwaliko. Ilipofika saa nane kasoro robo ilishuka, jeneza likiwa bado juu ya ardhi na mhubiri hajafungua Biblia.

"Shemeji ya mjane alinitazama tu," anakumbuka Phanice. "Hakunitusi. Afadhali angenitusi, ningejua nimemalizana naye."

Jioni hiyo alirudi kwenye chumba chake cha kazi viatu vikiwa vimejaa tope, akaapa kwamba kamera za namna hiyo hatazigusa tena. Kiapo hicho kilidumu siku moja na nusu.

Chumba chenyewe ni kimoja tu, kando ya barabara ya kuelekea hospitali ya misheni hapo Kaplong. Ndani mna kitambaa cheupe ukutani, stuli moja, kioo cha kujitazamia, kitana cha wateja, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Ndoo hiyo ndiyo sefu yake. Lenzi hulala humo pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwa sababu ukungu wa milima hii ukiachiwa huota ndani ya lenzi kama unavyoota kwenye mkate.

Picha nne za pasipoti ni shilingi mia mbili. Mazishi ni elfu saba, na kwa wastani hupata mawili kwa wiki. Harusi ni elfu ishirini na tano, lakini hizo huja kwa msimu, Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa.

Kamera anayoitumia aliinunua mwaka 2014 kwa shilingi elfu thelathini na nane, ikiwa tayari imetumika na mtu mwingine. Ni ya aina inayoitwa DSLR, ile yenye kioo ndani kinachoruka kila picha inapopigwa. Kwacha inatokana na kioo hicho pamoja na shata, yaani kipazia kinachofunguka na kujifunga mbele ya mwanga. Shata hiyo iliundwa ivumilie picha laki moja hivi. Ya Phanice imepiga laki mbili na elfu kumi na nne, na uzee umeanza kuitafuna. Kila picha ya tisa au ya kumi hutoka nusu yake ikiwa nyeusi.

Mwaka jana, kwenye harusi moja huko Kedowa, nusu hiyo nyeusi iliangukia pabaya. "Bibi harusi anabusu giza," anasema Phanice, kisha anacheka, ingawa siku ile hakucheka. "Bwana harusi hayuko. Nilirudisha pesa yote na bado nikaitwa kwa mkutano wa familia."

Ilikuwa wazi kwamba lazima anunue nyingine. Swali lilikuwa anunue ya aina gani. Na swali hilo lilikuwa zito kuliko kawaida kwa sababu ya pesa za kuinunulia.

Mama yake, Jerusa, alihama Nyamira wakati Phanice akiwa na miaka saba, akaja Kericho kuchuma chai katika shamba moja kubwa. Alichuma kwa miaka ishirini na saba. Phanice alikulia kwenye laini za wafanyakazi, nyumba za chumba kimoja zilizopangwa mgongo kwa mgongo, ambako kila mtu hujua jirani amepika nini. Mwaka huu mashine za kuchuma chai zimeongezwa shambani, na Jerusa akawa miongoni mwa walioambiwa kazi imefika mwisho. Alipewa kiinua mgongo chake, na nyumba anatakiwa aiache Desemba, arudi kwao Nyamira.

Alichofanya Jerusa kwa sehemu ya pesa hizo ndicho kilichomnyima mwanawe usingizi. Alimwita, akampa shilingi elfu sabini.

"Chukua, nunua kamera," alimwambia. "Lakini ununue mara moja. Mgongo umeinuliwa mara moja tu, hautainuliwa tena."

Phanice aliongeza elfu arobaini za kwake. Laki moja na elfu kumi, na hakuna nyingine nyuma yake. Akikosea, miaka ishirini na saba ya mama yake imeota ukungu ndani ya ndoo.

Wapiga picha wenzake walimcheka. Walimwambia mchagua jembe si mkulima, anunue yoyote apige kazi. Yeye huwajibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye majembe mawili.

Basi akaenda mjini Kericho kwa Nyabuto, fundi na muuzaji wa kamera zilizotumika, mtu wa makamo anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Nyabuto alimwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa DSLR ya kisasa zaidi, elfu sitini na tano. Ya pili ilikuwa ya zile zinazoitwa mirrorless, kamera isiyo na kioo ndani, laki moja na elfu tano pamoja na lenzi moja. Phanice hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Walikubaliana azikodi, kila moja wiki yake.

Wiki ya DSLR ilikwenda kama maji. Lenzi zake tatu za zamani zilikaa bila ubishi. Betri moja ilimtoa asubuhi ikamfikisha jioni, na hilo si dogo mahali ambapo umeme huja na kuondoka bila kuaga. Tena ni kamera kubwa, na mteja wa huku hupima kamera kwa macho kabla ya kupima picha. Kamati ya harusi iliwahi kumwuliza mwenzake mwenye kamera ndogo, "Hiyo ni ya kazi ama ni ya mtoto kuchezea?"

Ila ilikuwa na dosari moja, kelele ileile ya kamera yake ya zamani, na dosari hiyo ina jina la kanisa ambalo Phanice ameomba tusilitaje. Miaka miwili iliyopita, bibi harusi akila kiapo kwa sauti ya chini, Phanice alikuwa hatua tatu kutoka madhabahuni. Kwacha, kwacha, kwacha. Mchungaji akageuka.

"Aliniambia, dada, hebu na sisi tumsikie bibi harusi," anasema. "Kanisa lote likacheka. Nilitamani sakafu ifunguke."

Tangu hapo barua ya kanisa hilo kwa maharusi huwa na mstari unaosema mpiga picha aje na kamera isiyo na kelele. Mwaka jana peke yake Phanice alipoteza harusi nne hivyo, karibu shilingi laki moja. Zilikwenda kwa vijana wa mjini wenye mirrorless.

Wiki ya pili alichukua hiyo mirrorless. Siku ya kwanza alitoka nayo asubuhi kwenye majani chai, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba, saa ambazo kamera yake ya zamani huhangaika isijue ishike wapi. Hii ilitafuta jicho la mtu ikalishika. Na kabla ya kubonyeza, kwenye kidirisha cha kuchungulia, aliiona picha jinsi itakavyotoka, nyeupe yake na nyeusi yake.

"Ile ya zamani unapiga halafu unaomba Mungu," anasema. "Hii unaomba kwanza, unaonyeshwa jibu, ndiyo unapiga."

Bega lake, ambalo miaka kumi na mmoja ya uzito imelishusha kidogo upande wa kulia, lilishukuru. Lakini kamera hiyo hula betri kama ng'ombe anavyokula majani ya Napier. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imemaliza tatu. Na lenzi zake za zamani hazikuingia. Zilihitaji kipande cha kuunganishia cha shilingi elfu tisa, pesa ambayo haikuwa kwenye hesabu.

Kisha ikaja Alhamisi ya jeneza na mvua.

Jumamosi asubuhi aliirudisha kamera Kericho akiwa ameshaamua. Aliiweka mezani kwa Nyabuto akamwambia ampe ile yenye kioo, ile inayolia, biashara iishe. Akamsimulia yaliyompata. Nyabuto alisikiliza hadi mwisho, akabadilisha miwani, akabonyeza vitufe viwili vitatu na kupiga picha ya dari.

Kwacha. Si nzito kama ya DSLR, lakini kwacha.

"Mtu aliikodi kabla yako, alikuwa na harusi kanisani," Nyabuto alimwambia. "Aliuzima mlio. Phanice, uliuliza bei, ukauliza betri, ukauliza lenzi. Hukuniuliza kama inalia?"

"Nani huuliza kama kamera inalia? Si ni kama kuuliza ng'ombe kama anatoa sauti?"

"Na wewe ulikaa nayo wiki nzima hukushangaa?"

Alishangaa, anakiri. Alidhani kimya ndiyo maumbile ya mashine yenyewe, na kwa siku tatu za mwanzo akiwa peke yake mashambani, kimya hicho hakikumdhuru mtu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Maiti ya watu ilinyeshewa kwa sababu ya kitufe.

Hakununua siku hiyo. Alikuwa na deni lingine la moyo, la kupeleka picha kwa mwenye msiba, na alitaka kulimaliza kwanza.

Mjane, Priscah, ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minane. Jumatatu alimkaribisha Phanice sebuleni, akamimina chai ya maziwa, akavaa miwani yake bila haraka. Phanice alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima. Hakupata nafasi ya kuyasema yote.

"Kogo, nisamehe kwa mambo ya mvua," alianza, akimwita nyanya kwa Kipsigis kama wajukuu wake wanavyomwita.

"Mvua ni ya Mungu. Lete picha."

Priscah alizipitia kwenye simu, moja moja. Safu ya watoto, haya. Safu ya wakwe, haya. Wote wamenyooka, mikono chini, macho mbele. Kisha akafika kwenye picha moja akasimama, na chai ikapoa.

Ilikuwa picha yake mwenyewe. Alikuwa amesimama kwenye kichwa cha jeneza na dada zake, wakingoja mlio usiokuja. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka, na moja lilikuwa limeangukia kioo cha picha ya mumewe iliyosimamishwa juu ya jeneza. Priscah alikuwa ameinama, anaufuta uso ule kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kama mtu anayemfuta mumewe uji mdomoni. Phanice alikuwa amebonyeza bila kufikiri. Hakuna aliyesikia.

"Hata sikumbuki nikifanya hivi," alisema Priscah.

Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

"Kama ingelia, ningeondoka," alisema. "Mimi ni mwalimu. Kengele ikilia naondoka. Hapa ndipo nilimuaga, na singejua."

Aliagiza picha hiyo ichapishwe kubwa, iwekwe fremu. Zile za safu alisema zitumwe kwa kikundi cha familia kwenye simu, inatosha. Shemeji yake, kwa upande wake, hadi leo hamsalimii Phanice wakikutana sokoni. Si kila kitu kilitengemaa.

Phanice anasema alitoka pale akiwa ameelewa jambo ambalo Nyabuto hakuwa na kitufe cha kumwonyesha. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akipiga picha za watu wanaosubiri kupigwa. Mlio ukitoka, uso wa kweli unarudi, na yeye tayari ameshusha kamera.

Jumanne iliyopita alinunua mirrorless. Kilichobaki kwenye laki moja na elfu kumi hakikutosha kile kipande cha elfu tisa, kwa hiyo aliuza lenzi moja ya zamani na kununua kipande hicho pamoja na betri moja ya ziada. DSLR ya mwaka 2014 imebaki kwenye stuli ikipiga pasipoti, ambako nusu nyeusi ikitoka mteja anaombwa tu akae tena. Desemba hii Phanice ana harusi mbili katika kanisa lile lenye barua. Ameshaenda mwenyewe kwa mchungaji, akambonyezea kamera karibu na sikio. Mchungaji alicheka, akamwuliza kama tayari imepiga.

Mtu aliyebaki kuridhishwa ni mwenye pesa.

Jerusa aliposikia mwanawe amenunua kamera isiyolia, hakupendezwa. "Yaya," alisema, neno la Kikisii la kukataa. "Pesa yangu nataka niisikie."

Kuna jambo lingine kati ya wawili hawa. Phanice ni mpiga picha, na hana picha moja ya mama yake anayoipenda. Anazo nyingi. Katika zote Jerusa amesimama wima, mikono ubavuni, uso umefungwa, kama yuko mbele ya nyapara asubuhi akisubiri jina lake lisomwe. Mtu yuleyule ambaye akianza kusimulia habari za majirani, laini nzima hushika mbavu. Akisikia kamera inaandaliwa, anaufunga uso, na haufungui mpaka ilie.

Kwa hiyo Jumapili mchana, baada ya kanisa, Phanice anakwenda kwenye laini na kamera mpya. Wiki sita zimebaki kabla nyumba haijarudishwa. Jerusa ana miaka sitini na mmoja. Ametoka nje, amejifunga leso safi, na amesimama mahali anapotaka mwenyewe, mlangoni, penye namba ya nyumba.

"Nipige hapa. Ili wajue nilikaa."

Ananyooka. Mikono ubavuni. Uso unafungwa.

Phanice anainua kamera, na mlio ameuzima. Sekunde kumi zinapita. Jirani anapita na debe la maji, anamwuliza Jerusa kwa Kikisii kama anapigwa picha ya kitambulisho ama ya kuolewa tena. Jerusa anajaribu kuuzuia uso wake. Unamshinda. Anacheka mdomo wazi, pengo la jino linaonekana, mkono unaenda kwenye mgongo unaomuuma, kisha anajikumbuka, ananyooka tena kama mti wa stima.

"Piga basi," anamwambia mwanawe. "Miguu imechoka."

Picha iko tayari. Phanice ameiona kwenye kidirisha na macho yamemlowa, anasingizia jua. Mpango wake ni kuichapisha kubwa kama ile ya Priscah na kuitundika sebuleni Nyamira kabla ya Krismasi, mahali ambapo mama yake ataingia na kujikuta anacheka.

Lakini hilo hamwambii. Anabonyeza vitufe viwili vitatu kama Nyabuto alivyomfundisha, anainua kamera tena, na kupiga ya pili.

Kwacha.

Jerusa anashusha mabega.

"Haya," anasema. "Sasa hiyo ndiyo picha."